Tundu la Mchezaji wa Pili

Okeyo alisikia harufu ya nyama inayoungua, akadhani Mburu, muuza soseji za mutura wa pale mkabala, amewasha jiko mapema. Akaendelea kusolda. Harufu ikazidi. Alipoinua macho aliona jiko la Mburu ni baridi na Mburu mwenyewe hajafika, na ncha ya chuma cha solda imelala juu ya kidole gumba chake cha kushoto ikitoa moshi. Hakuhisi kitu. Aliondoa chuma, akaipuliza ile ngozi iliyogeuka nyeusi kwa mazoea tu, kisha akamalizia waya aliokuwa ameushika.

Mtu mwingine angepiga mayowe. Lakini tangu wamzike mdogo wake Tonny mwezi wa pili, Okeyo hakuwa mtu wa mayowe. Alikula akiambiwa ale, akalala akiambiwa alale, na mkewe Magdaline alishachoka kumuuliza ana nini. Kidole kuungua bila kuuma hakikumshtua. Alidhani ni yale yale.

Kumbe hayakuwa yale yale.

Siku chache kabla, Mzee Muiruri, ambaye ana ploti, majengo ya vyumba vya kupanga, karibu nusu ya mtaa wa Kabiro na hachoki kuwakumbusha watu, alikuwa amempa kazi. Mzee alinunua mashine kuukuu ya gemu, ile ya kusimama wima yenye skrini na tundu la sarafu. Ilishushwa kituo cha Kawangware 46 ikiwa na joistiki zilizovunjika, na spea hakuna Nairobi nzima. Mwaka ule wa tisini na saba, hata hivyo, kontrola za gemu za kuchomeka kwenye TV zilijaa kila kibanda.

"Fundi, si uunganishe tu hii na ile?" Muiruri alimwambia, kana kwamba ni kuunganisha mifereji.

Haikuwa rahisi hivyo, lakini Okeyo aliweza. Alitengeneza adapta: upande mmoja unaingia waya kutoka tumboni mwa mashine, upande wa pili unachomeka kontrola, na katikati ndiko kuna kazi yote ya solda inayofanya kidole kikibonyeza huku, mtu aruke kule kwenye skrini. Kazi kama hiyo ikiachwa wazi hulowa na kukatika. Lazima iwe na nyumba. Okeyo alikuwa akiita boksi la kifaa chochote nyumba, na hakuna aliyewahi kumwambia asiseme hivyo.

Akaijengea nyumba ya mbao. Mbao alikuwa nazo: vipande vya kitanda cha Tonny, alivyobeba kutoka kile chumba chake cha Kibera siku ya kurudisha ufunguo. Akatoboa matundu mawili mbele, la mchezaji wa kwanza na la wa pili, lakini soketi aliipata moja tu. Tundu la pili likabaki wazi, waya zake zimefungwa tepu ndani. Na kwa kuwa alizoea kuongea na vitu anavyotengeneza, alipokaza skrubu ya mwisho alisema, "Haya. Nyumba yako ndiyo hii. Karibu, ingia."

Asubuhi yake ndipo akaungua kidole bila kusikia.

Jioni hiyo mashine iliwashwa katika chumba cha mbele cha Muiruri. Wa kwanza kucheza alikuwa Billy, kijana wa mkokoteni, mwenye mdomo mkubwa kuliko mzigo wake. Alicheza kidogo tu, akasimama.

"Maze, nani ameweka kontrola ya pili?"

"Ya pili haiko," Okeyo akamwambia. "Si unaona tundu? Hata soketi sijaweka."

"Sasa huyu ananichapa ni nani?"

Watu wakacheka. Okeyo akafungua mfuniko. Tepu zilikuwa sawa na hakuna waya uliogusa mwenzake. Akafunga. Kwenye skrini mtu wa pili alikuwa akimngoja Billy kwa heshima, na Billy aliposhika tena kontrola akapigwa hadi akaisha. Kisha mashine ikamwomba mshindi aandike herufi tatu za jina lake, kama inavyowaomba wote. Herufi zikazunguka polepole. T. Halafu O. Halafu N.

Okeyo akakaa juu ya kreti la soda.

"Buda, vidole vyangu vimekufa ganzi," Billy alisema, akikung'uta mikono. Hakuna aliyemjali.

Tangu siku hiyo Okeyo alifunga kibanda mapema kila alasiri akaenda kucheza na mdogo wake. Hakumwambia Magdaline. Hakuwa na furaha, tusidanganyane, lakini alikuwa na mahali pa kwenda. Biashara ya Muiruri ilinona, maana watu walitoka mpaka Kibera kuja kupigwa na mashine isiyo na mtu. Walitoka wakijikuna viganja na kusema ni ganzi tu, itaisha. Ya Okeyo haikuisha. Ilipanda kutoka vidoleni hadi kifundoni, ikapanda hadi kiwikoni.

Jioni moja stima ilipotea Kawangware yote. Watu wakatoka nje wakilaani, na Okeyo akabaki peke yake gizani na ile mashine iliyozimika. Ndipo aliposikia kikohozi ndani ya boksi, kikohozi kikavu cha mtu aliyezoea kukohoa peke yake, na alipoinama akaweka sikio kwenye lile tundu wazi akasikia kitanda kikilia, na nyuma ya kitanda mtu akifungua kufuli, na nyuma ya kufuli mtoto akibembelezwa kwa lugha asiyoijua, na harufu ya mafuta ya taa na ya simiti mbichi ikamjia usoni pamoja na pumzi, pumzi yenye joto ya mtu aliyeweka sikio lake upande wa pili wa tundu hilo hilo akimsikiliza yeye.

Alipaswa kukimbia. Badala yake alisema, "Tonny?"

Kikohozi kikanyamaza. Kisha kitu kikabisha mbao kutoka ndani, taratibu. Okeyo akaenda nyumbani akala alichowekewa.

Kesho yake Magdaline alikuwa anataka kumwosha binti yao Eddah. "Baba Eddah," akasema, akibeba mtungi, "nipimie maji ya mtoto, nimechemsha. Nachota ya baridi narudi."

Okeyo alizamisha mkono ndani ya karai. Hakusikia kuungua, basi akaona maji ni sawa. Akamwinua Eddah, akamsimamisha ndani.

Mtoto akapiga yowe. Okeyo alimwangalia, akashangaa analilia nini, na alikuwa bado amemshika mabega asianguke wakati Magdaline alipotupa mtungi na kumnyakua.

Waliporudi kutoka kliniki, miguu ya Eddah imefungwa bendeji hadi magotini, Magdaline aliutazama mkono wa mumewe. Ulikuwa umeiva, umetoka malengelenge.

"Na wewe hausikii?" akanong'ona.

"Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu Tonny arudi," alisema Okeyo.

Magdaline hakungoja. Alikwenda hadi mtaa wa Kongo, huko huko Kawangware, kumwita Mama Seline, anayeuza omena sokoni na kuwaombea watu katika kanisa lao la Roho. Seline alifika mchana kweupe, kilemba cheupe kichwani, kengele ndogo mkononi. Okeyo akawapeleka kwenye mashine, Muiruri akawazuia mlangoni.

"Hii ni biashara yangu, mama. Siwezi zima juu ya maombi."

"Nionyeshe mkono, mzee."

Kati ya vidole vyake viwili sigara ilikuwa imeungua mpaka kwenye nyama, na hakuwa na habari. Muiruri aliuangalia mkono wake. Kisha akawafukuza wachezaji wote, akafunga mlango kwa ndani mwenyewe.

"Ulisema nini ukifunga hii kitu?" Seline alimuuliza Okeyo.

"Nilisema karibu. Nilikuwa naongea na waya."

"Na nyumba? Ulitaja nyumba?"

Okeyo akainamisha kichwa. Kwao mwanamume mzima hazikwi kabla hajasimamishiwa nyumba yake bomani, hata ya asubuhi moja ya kuachwa ianguke. Siku ya Tonny mvua ilikata barabara, mwili ukachelewa, wazee wakasema azikwe tu bila nyumba.

"Ni ndugu yangu, mama," alisema. "Ameandika jina lake."

"Jina wamelipata kwako, unalala nalo. Ndugu yako akitaka nyumba atasumbua kwenu, si Kawangware. Muulize tena jina, mbele yangu."

Okeyo akacheza, akashindwa kama kawaida. Herufi zikazunguka. T, O, N. Lakini safari hii hazikusimama. O, U, M. Kisha K, H, A, kisha nyingine na nyingine, moja ikiandikwa kwa haraka ya kijana, moja kwa mtetemo wa mzee, moja ikikosea na kurudi kama mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, na kadiri majina yalivyopita ndivyo ndani ya boksi vikohozi vilivyoitikiana, vitanda vikalia, kufuli zikafunguka, mpaka chumba cha Muiruri kikajaa pumzi za watu wasioonekana.

"Yesu wangu," Magdaline akanong'ona.

"Unajua ni wangapi wamekufa hapa Nairobi bila nyumba?" Seline alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe ukafungua mlango ukasema karibu. Hii si nyumba ya mtu mmoja, mwanangu. Hii ni ploti. Fungua mwenyewe, wewe ndiye uliwaingiza."

Kengele ikalia. Okeyo akalegeza skrubu moja baada ya nyingine, na Seline akawaambia nyumba imebomolewa, watoke. Mfuniko ulipong'oka hewa baridi iliwapita magotini, mmoja mmoja, wakisukumana, na mlango uliokuwa na komeo ukatikisika muda mrefu. Mbao zilichomwa nyuma ya kibanda cha Mburu. Waya zikabaki sakafuni.

"Watajaribu kwako leo, hawana pa kwenda," Seline aliwaonya. "Usiwakaribishe. Waambie wapite tu. Kesho watakuwa wametawanyika."

Walikuwa hawajafika nyumbani Okeyo alipohisi joto kwenye vidole. Kisha kidole gumba kikauma. Kisha mkono mzima ukawaka moto hadi akaketi chini njiani, na Magdaline akalia kwa furaha akisema amerudi, mume wangu amerudi.

Alirudi na vyote. Magharibi ilipoingia alikuwa amejikunyata kwenye kona ya chumba chao. Tonny alimjia, Tonny mwenyewe, na udongo mbichi aliotupa juu ya sanduku bila kutoa chozi. Sasa machozi yalitoka. Na kitandani Eddah alilia. Alikuwa akilia tangu asubuhi, lakini Okeyo ndiyo kwanza aliusikia mlio ule, na kila ulipopanda alikumbuka uzito wa mtoto mikononi mwake, na jinsi alivyomshikilia ndani ya maji.

"Siwezi," alisema. "Mama Eddah, hii siwezi."

"Utaweza. Lia tu."

"Hodi," sauti ikasema mlangoni, polepole, jinsi watu wa ploti wanavyoongea jirani asisikie.

Haikuwa sauti ya Tonny. Okeyo alilijua hilo vizuri.

Magdaline akamshika mkono kwa nguvu zake zote. "Piteni," alisema. "Piteni tu, hapa hakuna nafasi."

Nyayo zikaanza kuondoka, nyingi, zikiburutwa kwenye changarawe, na Magdaline akashusha pumzi. Eddah akapiga yowe jingine.

"Karibuni!" Okeyo akaita. "Rudini. Karibuni ndani."

Komeo likafunguka lenyewe. Magdaline alimgeukia mumewe, kucha zake zimezama kwenye mkono ulioungua, na damu ikawa inamtiririkia hadi kiwikoni. Okeyo aliitazama. Hakuhisi kitu.

"Sasa ni afadhali," alisema.

Na kitandani, Eddah akanyamaza.