Waya wa Mzee Vavrinec

Haya yalimpata rafiki yangu Ctibor, hapa hapa mjini Svidník. Mimi hucheka hata matangani, lakini aliponisimulia sikucheka.

Baba yake, mzee Vavrinec, alikuwa fundi wa magari aliyetumia mkono wa kushoto. Walikuwa na lori la jeshi la wakati wa vita, na giaboksi yake ina shaba ndani, kwa hiyo mzee alitaka oili ya zamani tu.

"Hizi mpya zina dawa inayokula shaba, we kichwa maji!"

"Baba, nawe umepitwa na wakati. Nikupeleke makumbusho?"

Mzee alichukua koleo lake la waya, akaondoka. Hakumsemesha tena miaka miwili, mpaka tukamzika.

Siku ya tatu baada ya maziko, mchana, Ctibor aliamua kutia oili mpya kwenye giaboksi, apate kumshinda hata marehemu. Akiwa ndani ya shimo la gereji, chini ya lori, alikaza nati ya kumwagia oili, akaifunga kwa waya kama jeshini ili isilegee, akausokota kuelekea kulia, kama mtu yeyote wa mkono wa kulia. Kisha akajaza oili mpya, akaenda kunywa supu ya kabichi.

Umeme ukakatika. Kutoka shimoni akasikia matone, halafu koleo likisaga: krr, krr.

"Nani huko?"

Koleo likasaga tena.

"Baba, acha utani," akasema, akajaribu kucheka.

Alishuka na tochi. Oili yake mpya yote ilikuwa kwenye karai. Nati ilikuwa imekazwa tena, imefungwa waya. Waya ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto, na alipougusa ulikuwa bado na joto la vidole.