Sahani Isiyo na Chumvi

Nzi ndio waliojua kwanza. Mtaa wa Nima una nzi wa kuigawia Accra nzima na wakabaki, na msimu ule wa mvua walitua juu ya kila kitu: ubao wa muuza nyama, midomo ya watoto waliolala, kofia za wazee waliokaa vibarazani. Sahani ya Sumaila peke yake hawakuigusa. Mkewe, Lantana, aliliona jambo hilo Jumatatu moja saa nne asubuhi. Alikuwa amepakua perege wa kuchemsha na vipande vya kiazi kikuu, akaviacha wazi mezani mara moja atoe nguo kambani. Aliporudi akakuta bakuli lake mwenyewe la uji limekuwa jeusi kwa nzi, lakini kwenye sahani ya mumewe hakuna hata mmoja. Wengine walikuwa wamesimama ukingoni mwa meza, wametulia, kana kwamba wamekatazwa kupita. Lantana akacheka peke yake, akasema hata nzi wana akili, nani atagombania samaki asiye na chumvi?

Sumaila alikuwa mtunisha misuli wa kulipwa, na tusidanganyane, kazi hiyo ina njaa nyingi kuliko nguvu. Alianza ujanani kwa kunyanyua ekseli ya lori iliyochomekwa kwenye makopo ya saruji. Akawa mlinzi wa mlango wa klabu moja ya Osu kwa miaka tisa, huku akishinda mkoa, akishinda taifa, hadi mwaka jana akaenda Lagos na kurudi na kadi ya kulipwa, ruhusa ya kushindania fedha, ile ambayo wanaume wenye vifua vipana kuliko akili huiota mpaka wanazeeka. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane na mbele yake lilibaki shindano moja, hapahapa Accra. Akishinda, kampuni moja ya vyakula vya mazoezi ingemchukua kwa mkataba. Akishindwa, anarudi Osu kuwafungulia watu mlango.

"Mlangoni sirudi, Lantana," alikuwa akisema. "Bora nifie jukwaani."

"Maigida, ulimi huumba," mkewe alimjibu. Maigida, yaani mwenye nyumba, ndivyo wanawake wa Kihausa wa Nima wanavyowaita waume zao, na Lantana alilitamka jina hilo kwa namna ambayo ungejua anampenda.

Masharti ya chakula yalitoka kwa kocha wake, Nii Kpakpo, mtu wa kizamani aliyeamini kwamba chumvi ni adui. Chumvi hufuga maji chini ya ngozi, alisema, na ngozi yenye maji huficha misuli. Sumaila alikaa kambini kwa kocha huyo, huko Teshie, siku nne, akarudi na karatasi: milo sita kwa siku, kila mlo upimwe kwenye mizani, na chumvi isionekane kabisa mpaka siku ya shindano. Tangu siku hiyo Lantana alipika bila chumvi na kuhesabu siku kwa kuchora mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Sumaila alikula kama mtu anayekunywa dawa, akijifariji kwa kuiota waakye. Siku ya kushinda, alimwambia mkewe, uniletee waakye, wali na kunde hasa, na samaki wa kukaanga na shito, ile pilipili nyeusi ya mafuta, chumvi juu ya chumvi, nitakula mbele za watu nikilia. Wakacheka wote wawili.

Baada ya nzi ukaja uzito. Kila Ijumaa Sumaila alipanda mizani, na kwa njaa ile alitakiwa apungue. Kwenye kioo alipungua kweli. Kiuno kilibana, mishipa ikachomoza, mgongo ukagawanyika vipande ambavyo Lantana hakujua binadamu anavyo. Mizani ilisema ameongezeka kilo tisa. Kocha akasema mizani ni mbovu, mtunisha misuli husikiliza kioo. Wakaazima nyingine kwa muuza mahindi, nayo ikasema vilevile. Kitanda kilianza kubonyea upande wa Sumaila kuliko kawaida, na Lantana akawa analala ameshika ukingo wa godoro asiteremkie kwake, na moyoni akiona aibu kwamba hataki kuteremkia kwa mume wake mwenyewe.

Kisha harufu. Sumaila aliacha kutoka jasho. Alirudi kutoka jimu, jua la Accra likiwaka, mkavu, ananukia mtungi mpya uliotiwa maji kwa mara ya kwanza. Ni harufu nzuri, usiniulize kwa nini Lantana alifungua madirisha yote.

Jumatatu ya wiki ya shindano, mchana, watoto wa madrasa ya jirani wakisoma kwa sauti, Sumaila alilala kifudifudi kupumzisha mgongo, na Lantana akakaa kando yake kumpaka mafuta. Akasikia mtu anatafuna. Aliangalia mdomo wa mumewe, umefungwa. Akaangalia dirishani, hakuna mtu. Kutafuna kuliendelea, polepole, kwa raha, kama mtu asiye na haraka ya kumaliza, na alipoinama akasikia kunatoka ndani ya mgongo ule mpana aliokuwa ameuwekea mikono. Alitaka kuiondoa mikono lakini haikutii, na chini ya viganja vyake akahisi misuli ikijikusanya na kusogea kando, kama mtu anavyosogea kwenye benchi kumpisha mwenzake akae.

"Lantana," Sumaila alinong'ona bila kugeuka. Kumbe hakuwa amelala.

"Naam."

"Na wewe unamsikia?"

"Namsikia."

"Jana nilinyanyua kilo mia mbili, sikuhisi kitu. Nikaviweka vyuma chini. Mikono ikaendelea kupanda na kushuka yenyewe. Niliiambia ikome, Lantana. Haikukoma mpaka ilipotaka."

"Tuache. Leo hii tuache, Maigida. Mwambie kocha unaumwa."

"Zimebaki siku tano," akasema. "Miaka ishirini nimeingoja. Nivumilie siku tano."

Kesho yake Lantana alikwenda sokoni kwa Hajia Kande, bibi mfupi mwenye ulimi mkali aliyeuza viungo na chumvi ya mawe, na aliyejulikana na wanawake wote wa Nima kuwa anajua kusema na wasioonekana. Alimsikiliza huku akimpimia mteja tangawizi, na mteja alipoondoka akauliza jambo moja tu.

"Bibi yako kule Salaga, alikuwa akiwapikia nani chakula kisicho na chumvi?"

Lantana akakumbuka. Alikuwa mtoto wa miaka saba alipokuwa akitumwa kupeleka kibuyu cha chakula nyuma ya nyumba, akiambiwa asionje, asigeuke nyuma, kwa sababu wale wasioonekana hawali chumvi na chakula kile ni chao. Alikuwa akilijua jambo hilo tangu utoto. Alilijua wakati akiisoma ile karatasi ya kocha, na akalicheka.

"Wewe umewaandalia sahani sita kwa siku," Hajia Kande alisema, "tena umewapimia kwa mizani. Mgeni gani angekataa karamu hiyo? Ni siku ya ngapi leo?"

"Ya thelathini na tano."

"Basi Mungu bado anakupenda. Mpaka siku ya arobaini yeye ni mgeni, na chumvi humtoa. Zikipita arobaini, anakuwa mwenye nyumba. Na chumvi haitazami sura, mwanangu. Inamtoa yule asiye mwenye nyumba." Akamfungia konzi ya chumvi ya mawe kwenye karatasi. "Mpe leo."

"Akila leo ngozi itajaa maji, Hajia. Shindano ni Jumamosi. Atashindwa."

"Nimekuuliza habari za shindano? Mpe leo."

Lantana aliifunga chumvi kwenye pindo la nguo yake na akarudi nyumbani akiwa ameamua kabisa. Alichemsha samaki. Alishika chembe tatu juu ya sufuria, na wakati huohuo Sumaila akaingia jikoni, akavua shati, akamgeuzia mgongo. Tangu alfajiri alikuwa akisema kwa sauti ya mtu mwingine, lakini sasa sauti ilikuwa yake. "Niangalie, Lantana. Sema kweli. Umewahi kuona kitu kama hiki?" Hakuwahi. Ulikuwa mgongo wa mtu aliyelala njaa miaka ishirini kwa ajili ya siku moja. Lantana akazirudisha chembe zile kwenye karatasi. Akahesabu mistari ya mkaa mara mbili. Jumamosi ni ya thelathini na tisa, akajiambia. Atapanda, atashinda, na akishuka tu nitampa waakye yake na chumvi yote hii ndani yake, naye mgeni atakuwa bado ni mgeni. Aliona amepata njia ya kumwokoa mumewe na ndoto yake pamoja. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Vijana wa Nima walikuja na ngoma, wakawa wanawazomea wanaume wa Kumasi kwamba miguu yao ni ya kuku, na Lantana alikaa safu ya tatu amepakata mzigo wa waakye uliofungwa kwa majani, chumvi ya Hajia Kande imechanganywa humo mpaka chembe ya mwisho. Sumaila akatoka amepakwa rangi na mafuta, na ukumbi ukapasuka kwa kelele. Waamuzi wakaanza kuita mikao. Lantana ndiye peke yake aliyeona kwamba mwili ulikuwa ukijibu kabla ya kuitwa, kwamba mkono uliinuka kabla mwamuzi hajafungua mdomo, kwamba mapaja yalijikaza na kujiachia kwa zamu kama yanasalimiana, na kwamba uso uliokuwa ukitabasamu kwa watu wote ulikuwa na macho ambayo hayakutabasamu, macho ya Sumaila, yakizunguka safu hadi safu yakimtafuta yeye, yakampata, yakamng'ang'ania, na yeye akiwa amekaa pale na dawa mapajani hakuweza kufanya lolote ila kumtikisia kichwa kwamba kidogo tu, Maigida, bado kidogo.

Alishinda. Hakukuwa hata na ubishi.

Katika chumba cha kuvalia Sumaila alikaa kwenye benchi, medali shingoni, mikono imelala mapajani kama si yake. Lantana alifungua majani. Hakusubiri kijiko, alifinyanga tonge kwa mkono wake mwenyewe akamtia mdomoni. Sumaila akatafuna. Machozi yakamtoka, yakachora mistari kwenye rangi ya mashavu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Lantana akaona jasho kwenye paji la uso wake.

"Chumvi," akasema taratibu. "Chumvi, Lantana."

"Kula. Kula, bwana wangu." Akamtia la pili.

Hapo Kocha Nii Kpakpo akaingia anacheka, ameshika simu, anataka kupiga picha. "Mwache ale, shemeji, mwache. Mtu amekaa siku arobaini na tatu bila chembe. Wanaonicheka waje waone."

"Thelathini na tisa," Lantana akasema.

"Kwako. Na zile nne za kambini Teshie je? Mimi chumvi nilimwondolea tangu siku aliyotua begi."

Lantana alinyoosha mkono kulitoa tonge mdomoni mwa mumewe. Sumaila alikuwa amekwisha kulimeza. Alimtazama mkewe, na macho yale ambayo yalikuwa bado yake yakapanuka, yakatazama nyuma yake, pande zote, kama ya mtu anayetolewa nje kwa kusukumwa kifuani.

"Lantana," akanong'ona. "Nani anafunga mlango?"

Baada ya hapo macho yakatulia. Yakautazama mzigo wa waakye. Mikono iliyokuwa imelala ikaamka, ikauvuta mzigo karibu, ikala mpaka ukaisha, polepole, kwa raha, bila haraka. Lantana aliijua namna hiyo ya kutafuna. Kocha alipiga picha zake.

Hajia Kande hakumlaumu. Alilia naye nyuma ya magunia ya tangawizi, kisha akamwambia kwamba mwenye nyumba hatolewi na chumvi wala na yeye Kande, na asirudi tena kumuuliza.

Mkataba ulitiwa saini. Yule anayeishi na Lantana sasa ana picha kubwa kwenye ukuta wa barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ni mpole, hapigi mtu, anatoka jasho kama wanadamu, na nzi wanatua kwenye sahani yake. Anapenda chumvi kupita kiasi. Siku ya kwanza Lantana alimwita Sumaila, naye akamtazama bila hasira akasema, "Niite Maigida." Tangu hapo hamwiti jina lolote.

Lakini kila siku saa sita, watoto wa madrasa wakisoma, Lantana hupima kipande cha perege na kiazi kikuu, huchemsha bila chumvi, na huiweka sahani nje ya mlango, chini, upande wa bawaba. Kisha hukaa ndani na kuegemeza sikio kwenye mbao. Nzi hawaisogelei. Baada ya muda husikia mtu anakula upesiupesi, kama anayemeza dawa, na akimaliza husikia kiganja kikipapasa mlango kuanzia juu hadi chini, kikitafuta kitasa.

"Nipo hapa," Lantana hunong'ona. "Bado kidogo."

"Mke wangu," yule mwingine huita kutoka mezani. "Chumvi imepungua."