Sidii ya Shangazi

Kila jioni Chiriku alimsaidia shangazi yake kukunja nguo za wateja. Shangazi alikuwa dobi, na hakuna shati alilolipiga pasi bila kuliimbia. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, alizijua nyimbo zote.

Mwaka huo shangazi alirekodi nyimbo zake sita kwenye sidii. Mwalimu wa muziki alikuwa akitafuta wimbo wa siku ya wazazi, basi shangazi akamkabidhi Chiriku sidii moja.

"Ya mwalimu hiyo, si yako."

Kwenye jalada palikuwa na picha ya shangazi akitabasamu, pasi mkononi. Chiriku aliitamani mno sidii hiyo. Akaenda kwenye kompyuta ya kaka yake, akainakili, akaficha ile halisi chini ya godoro. Mwalimu akapelekewa nakala.

Darasani, sauti ya shangazi ilianza vizuri kwenye redio. Ghafla ikakwaruza, krr, krr.

"Shangazi yako anaimba au anakaanga vitunguu?" akauliza mvulana wa dawati la nyuma. Darasa zima likacheka.

Mwalimu akaizima. "Sauti anayo, lakini hii haifai mbele ya wazazi. Mwambie nashukuru, tutatafuta wimbo mwingine."

Chiriku akaichukua ile nakala, akarudi kuketi.

"Leo umekula gundi?" rafiki yake akamnong'oneza.

Jioni shangazi alimwona tu mlangoni, akaiweka pasi pembeni. "Haya, mwanangu, mwalimu kasemaje?"

Chiriku alitazama uso ule uliokuwa ukingoja habari njema. "Ameikataa. Lakini hakuisikia yako, shangazi. Amesikia nakala niliyotengeneza mimi." Akaeleza yote, machozi yakidondokea shati la mteja.

Shangazi alilisogeza shati kwanza. "Fundi wa studio aliweka humo kufuli la kuzuia kunakili," akasema taratibu. "Ni makosa madogo ya makusudi. Redio huyaruka, kompyuta huyabeba yote, ndiyo maana nakala inakwaruza. Nami nilimcheka. Nilimwambia watu wangu hawahitaji kufuli."

Chiriku akazidi kuinama.

Kesho yake walikwenda shuleni pamoja, na Chiriku akakiri mwenyewe mbele ya darasa. Mwalimu akaiweka sidii halisi. Sauti ikatoka safi, ila mahali pamoja redio kuukuu ya shule ilijikwaa, tk, kisha ikaendelea.

"Kufuli hilo," shangazi akasema. "Linamsumbua hata asiye na kosa. Nitakazotengeneza tena hazitakuwa nalo."

Wimbo ukachaguliwa.

Walipotoka, shangazi akamshika mkono. "Kwa nini hukuniomba?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ungenuna, yangekwisha. Ukitaka kitu cha mtu, mwombe. Ukikichukua kimyakimya, anaumia mtu ambaye hata hukumfikiria. Jana nilikuwa mimi."

Chiriku alitembea hatua chache. "Shangazi, naomba sidii moja."

"Hapana," shangazi akajibu, akijizuia kucheka. "Niombe tena Jumamosi."