Swali Kuhusu Mlango wa Maji

Kila siku akitoka shule, Chandroutie aliwalisha bata, akafagia chini ya nyumba yao iliyoinuliwa juu ya nguzo, kisha akampelekea babu yake roti, ile chapati ya kwao, na biringanya la kuchoma kule kwenye mlango wa maji. Alimwita Aja, kama watoto wengi wa Kleinrust wanavyowaita babu zao. Kazi ya Aja ilikuwa moja tu, na kijiji kizima kililala kwa amani kwa sababu yake. Bahari ikishuka, aliupandisha mlango mzito wa mbao kwa mnyororo ili maji ya mifereji yatoke. Kabla bahari haijapanda tena, aliuteremsha. Asipouteremsha, bahari ingeingia mashambani, maana huko Kleinrust nchi iko chini na bahari iko juu, na katikati upo ukuta na mzee Ramlakhan, ndiye Aja.

Jioni moja Aja alishikwa na homa kali. Alilala kwenye machela iliyotundikwa nyumbani huku meno yakigongana, na kila alipojaribu kusimama, magoti yalimkatalia.

"Beti," yaani binti, alimwita mjukuu wake, "kimbia kwa Mjomba Compton. Mwambie bahari inapanda, akauteremshe mlango. Usisimame njiani."

Mjomba Compton alikuwa rafiki wa Aja tangu utotoni, na mnyororo ule aliujua vizuri. Lakini njia ya kwenda kwake ilipita juu ya tuta, na kando ya tuta palikuwa na kaburi la Mholanzi. Hakuna mtoto wa Kleinrust asiyejua habari za Mholanzi huyo, bwana wa watumwa wa zamani, anayeamka giza likiingia ili atafute mtu wa kumlindia vyungu vyake vya dhahabu. Wakubwa husema ni upuuzi. Hata hivyo, ukiwatazama, nao hukaza mwendo wakifika pale.

Chandroutie alikwenda mbio mpaka penye kaburi, na hapo akasimama. Jua lilikuwa limezama. Kitu fulani kilichakarisha majani nyuma ya jiwe jeusi la kaburi. Pengine alikuwa kenge, lakini nani angengoja kuhakikisha?  Aligeuka akakimbia, wala hakutazama nyuma hadi alipofika ngazini kwao.

"Umemwambia?" Aja aliuliza huku macho yake yamefumbwa.

"Nimemwambia, Aja."

Mzee akashusha pumzi, akajifunika. Chandroutie alikaa karibu naye akitega sikio, akiomba asikie mnyororo ukilia. Labda Mjomba ataona mwenyewe kwamba bahari inapanda, alijidanganya. Mnyororo haukulia.

Asubuhi Kleinrust iliamka ndani ya maji ya chumvi. Bamia, kunde na mchicha vilisimama majini kama watu waliopigwa na butwaa. Bata peke yao ndio walioona ni sikukuu. Watu walikuja mpaka chini ya nyumba ya mlinzi wakipiga kelele, na Aja akatoka akiyumba, ameshika ukuta.

"Kwani Compton hakwenda?" alimwuliza mjukuu wake.

Ilikuwa imejulikana kwamba Compton ameondoka alfajiri, amepanda boti kwenda kwenye machimbo ya dhahabu msituni. Hapakuwa na wa kumwuliza. Chandroutie aliuona uso wa babu yake umekauka, akaona na umati ule, na hofu ikamtangulia kusema.

"Alikwenda, Aja. Mlango ulikwama."

Loo, uongo nao una mbio! Kabla ya mchana kijiji kizima kilikuwa kimeuona mlango ukikwama. Mama yake Odessa, msichana aliyesoma na Chandroutie, hajafika tutani tangu alipoolewa, lakini aliapa kwamba alisikia mnyororo ukikatika. Na mbunge wao, Mheshimiwa Waveney Adonis, alipokuja amevaa mabuti ya mpira, aliambiwa na watu ishirini kwa pamoja kwamba serikali imewaachia mlango mbovu.

"Nitaiuliza serikali bungeni," alisema Mheshimiwa. "Na itajibu."

Watu wakapiga makofi. Chandroutie alijificha nyuma ya tangi la maji.

Juma lililofuata mhandisi alitumwa kutoka mji mkuu, Georgetown. Aliupandisha mlango, akauteremsha, akaupandisha tena. Ulikwenda bila hata kulalamika. Alijifuta mikono, akamtazama Aja.

"Mlango mzima huu, mzee," alisema, kisha akapanda pikipiki yake akaondoka.

Kesho yake shuleni, Odessa alimvuta Chandroutie pembeni. Odessa hakuwa mtoto mbaya, ila mdomo wake haukujua kufungwa.

"We Chandro, umesikia? Baba anasema Waziri atajibu kwamba babu yako alikuwa amelewa."

"Aja hanywi!"

"Mimi sijui. Mlango si umeonekana mzima? Sasa kama mlango si mbovu, mbovu ni nani? Watamfukuza, utaona. Na ile nyumba mnayokaa si ya wizara?"

 Chandroutie alitaka kumwokoa babu yake, na sasa maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamzamisha. Kila pikipiki ilipopita barabarani, alichungulia kama ni ya yule mhandisi. Mara nyingi alimsogelea Aja ili aseme, na kila mara aliishia kumwuliza kama anataka chai.

Mheshimiwa Adonis alikuwa na desturi yake, na wabunge wenzake walimcheka kwa hiyo. Hakupeleka swali lolote bungeni kabla hajawasomea wenyewe wanaohusika. Basi alasiri moja alisimama kwenye ngazi za duka, miwani puani na karatasi mkononi, na Kleinrust yote ikakusanyika. Aja aliletewa kiti mbele. Chandroutie alisimama kando yake.

"Sikilizeni, mnisahihishe," alisema Mheshimiwa. "Namwuliza Waziri: je, anafahamu kwamba mlango wa maji wa Kleinrust ulikwama, ijapokuwa jirani wa mlinzi alikwenda kuuteremsha? Na kwa nini haukutengenezwa mapema?"

"Hapo hapo!" watu waliitikia. "Wabane, Mheshimiwa!"

"Jirani yupi huyo?"

Sauti ilitoka nyuma. Watu wakageuka. Mjomba Compton alikuwa amesimama na mfuko wake begani, mabuti yamejaa tope jekundu la msituni. Ndiyo kwanza ameshuka garini.

"Wewe hapo!" alisema Aja. "Nilimtuma mtoto kwako jioni ile."

"Kwangu? Kaka, hakuna mtoto aliyekanyaga kwangu jioni ile."

Aja aliinuka kitini. Homa ilikuwa imekwisha, lakini sasa alitetemeka kuliko siku ile. "Compton, unamwita mjukuu wangu mwongo?"

"Na wewe mbele ya watu wote hawa unaniita nani?"

Wazee hao walikuwa wameshiriki sufuria moja tangu wakiwa wadogo. Sasa walikuwa wanatazamana kama majogoo, na Aja amekamata fimbo yake katikati. Chandroutie alitambua jambo lililomtisha kuliko Mholanzi na kaburi lake: akinyamaza, Aja atamwamini yeye. Atamwamini mbele ya dunia nzima, na atampoteza rafiki yake kwa sababu hiyo.

"Sikufika," alisema.

Sauti ilitoka ndogo sana. Hakuna aliyesikia isipokuwa Aja.

"Umesema nini, beti?"

"Sikufika kwa Mjomba!" Sasa alikuwa analia kwa sauti. "Niliogopa kaburini nikarudi. Nikasema nimemwambia, na sikumwambia. Mlango haukukwama. Mimi ndiye niliyesema umekwama."

 Kisha mtu mmoja akafoka, "Kunde zangu zote zimekufa kwa ajili ya mtoto anayeogopa jiwe!" na wengine wakaanza kunguruma. Chandroutie alifumba macho akingoja kupigwa. Mheshimiwa aliinua mkono juu.

"Ngojeni kwanza! Nyie ishirini mlioniambia mmeuona mlango ukikwama, nani kati yenu aliuona?"

 Mama yake Odessa alikuwa anachunguza vidole vyake vya miguu.

"Basi," alisema Mheshimiwa, akaichana ile karatasi. "Ningesimama mbele ya nchi nzima na uongo mkononi. Waziri angeniketisha kwa neno moja tu, kwamba mlango ni mzima. Baada ya hapo hata tungelia na machozi ya kweli, nani angetusikiliza?" Alishuka ngazi, akachuchumaa mbele ya Chandroutie. "Mwanangu, nieleze. Kwa nini ulitumwa wewe? Msaidizi wa babu yako alikuwa wapi?"

"Hana msaidizi."

"Akiugua?"

"Ananituma mimi."

Mheshimiwa alimtazama, kisha akawatazama wale watu wazima wote. "Hilo ndilo swali," alisema. "Na ni la kweli."

 Aja alimfuata Compton, wakaenda pamoja polepole hadi kwenye mlango wa maji. Waliporudi walikuwa wamepatana. Lakini kwa mjukuu wake mzee alinyamaza, na siku zilizofuata alinyamaza vile vile. Chandroutie alibeba ndoo za maji matamu kutoka kwenye bomba kwenda kuosha chumvi katika bustani za majirani, jioni baada ya jioni, hadi mabega yakamwuma. Kuliko mabega, ulimwuma ule ukimya. Na bado hakujua kama babu yake atafukuzwa kazi.

Siku ya majibu, redio ya duka ilifunguliwa mpaka mwisho. Chandroutie alitaka kukimbia nyumbani, lakini Aja alipiga ubao wa benchi kando yake kwa kiganja, naye akakaa.

"Mheshimiwa Spika," ilisema sauti ya Waziri, nzito na ya kujiamini, "mhandisi wetu amethibitisha kwamba mlango wa Kleinrust ni mzima kabisa. Kosa ni la mlinzi."

Mtu akasonya. Chandroutie alishika shati la babu yake.

"Swali la nyongeza, Mheshimiwa Spika." Huyo alikuwa Adonis. "Nakubaliana na Waziri, mlango ni mzima. Mlinzi ndiye aliyekuwa mgonjwa, na mtu pekee aliyekuwepo wa kumtuma ni mtoto wa miaka kumi na mmoja, naye aliogopa giza. Naomba Waziri alieleze Bunge hili: mlinzi akiugua, wizara imemwajiri nani wa kuuteremsha mlango badala yake?"

Redioni ilisikika karatasi zikipekuliwa. Zikapekuliwa tena. Mtu alikohoa.

"Mheshimiwa Spika… jibu la swali hilo nitalileta baadaye."

Duka lililipuka kwa kelele. Mjomba Compton alipiga meza hadi chupa zikaruka. "Kabanwa! Leo kabanwa!"

Jibu lililetwa kweli. Kabla ya mvua kubwa Kleinrust ilipata mlinzi wa pili, kijana mwenye mikono mirefu, na Aja akabaki kazini. Hata yule mwenye kunde alikuja kumpa mkono, ingawa alimkazia Chandroutie jicho kidogo.

Jioni ya siku hiyo alipomletea babu yake roti, Chandroutie alisimama mbali na machela. "Aja, bado umenikasirikia?"

Mzee alimwashiria akae. "Nilikuwa natafuta maneno," alisema. "Watu wanasema maji yaliingia kwa sababu uliogopa. Si kweli. Kuogopa kila mtu anaogopa, hata mimi pale kaburini napita nikiimba. Maji yaliingia kwa sababu uliniambia umemwambia. Ungeniambia, 'Aja, nimeogopa nimerudi,' ningepiga kelele dirishani mpaka mtu mmoja anisikie. Lakini uliniambia mambo ni sawa, nami nikajifunika shuka."

Chandroutie aliinamisha kichwa. Aja akamwinua kidevu.

"Siku nyingine ukiogopa, njoo uniambie unaogopa. Hiyo nayo ni habari, nami nitajua la kufanya nayo. Ila usinipe tena neno la kunilaza, beti, ilhali bahari inapanda."