Mayowe ya Emiliana

Soko la Majengo lilikuwa limefurika, na kwenye kibanda cha kuuza muvi za kuweka kwenye flashi foleni haikusogea. Emiliana, ndani ya gauni la kitenge cha njano, aliulizia sinema za Halfani, yule mwongozaji bingwa wa sinema za mizimu enzi za kanda.

"Dada mzuri hivi unampenda Halfani?" aliuliza kijana mrefu nyuma yake.

"Kwani wazuri hatuogopi?"

Kijana huyo aliitwa Sostenes, mwanafunzi wa filamu pale chuoni Chimwaga. Sinema za Halfani ziliwaunganisha. Haukupita muda wakawa wanaitana laazizi, na Emiliana akawa mhusika mkuu wa filamu ya kwanza ya mpenzi wake.

Siku ya kurekodi, ndani ya pagale moja huko Mkonze, alitakiwa kupiga yowe la kufiwa. Alijaribu, akarudia, lakini likawa yowe la mtu aliyeona mende. Ndipo simu yake ikaita.

"Emi? Mama yako kagongwa na gari Msalato. Hatunaye tena."

Jamani! Binti alipiga ukunga hadi mafundi wa nyumba jirani wakaja mbio. Akaanguka, akagaagaa vumbini.

"Kata!" Sostenes akashangilia. "Safi sana, mpenzi! Mama mzima, aliyepiga ni rafiki yangu Sila. Halfani naye hakuwaambia waigizaji wake zimwi linatokea lini."

Emiliana alimtazama kama hamjui. Akampigia mama yake. Aliposikia "haloo" akaangua kilio upya. Akaondoka. Hivi kweli mtu unamuua mama mkwe kwa ajili ya picha? Mimi niliposimuliwa nilichoka kabisa.

Simu za Sostenes hazikupokelewa. Jumapili akaenda mwenyewe kwa akina Emiliana, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeniua?"

Akapiga magoti. Emiliana alipotoka ndani, Sostenes akafungua laptopu, akafuta lile yowe mbele yao, picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Machozi yakamtoka.

"Nilitaka kuwa Halfani, Emi. Sasa nataka kuwa mume wako. Nikubalie nikuoe."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Emiliana alikuwa bado anampenda, hilo halikufichika. Akanyoosha mkono amshike bega. Mkono ukasita. Akatazama dirishani, juu ya mlango, nyuma ya pipa la maji.

"Sostenes," akanong'ona, "kamera umeificha wapi?"