Mshono wa Zuwena

Siku ya tisa baada ya kujifungua kwa upasuaji, Zuwena alikuwa ameketi mkekani akimnyonyesha mwanawe. Mama mkwe wake, Mwanaamina, alikuwa akichambua mchicha. Hapo kijijini Gwata walikuwa wakiishi pamoja.

"Jirani yetu Mboni alitolewa nyuzi siku ya saba," Mwanaamina alisema. "Wewe wamekupangia lini?"

"Hawakunipangia, mama. Walisema hazitolewi."

"Hazitolewi? Wamezisahau hao, wanaona aibu kusema."

Hata Zuwena mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Asubuhi ile alipooga aliona ncha ya uzi imechomoza pembeni mwa mshono. Akamwonyesha mama mkwe.

Mwanaamina aliishika ile ncha, akaivuta. Zuwena alihisi maumivu makali.

"Basi, mama. Twende kwanza zahanati."

Huko zahanati, Nesi Sada alinawa mikono, akautazama mshono kwa makini.

"Mmeuvuta huu uzi?"

"Kidogo," Mwanaamina alijibu.

"Msirudie. Kidonda kingeweza kuachia na wadudu wa maradhi wakaingia." Nesi akasoma karatasi ya hospitali. "Wameandika hapa. Huu ni uzi unaoyeyuka. Unashikilia kidonda mpaka kipone, kisha mwili unaumaliza wenyewe. Zuwena hana haja ya kurudi kutolewa nyuzi."

"Mbona Mboni alitolewa?"

"Ngozi yake ilishonwa kwa uzi usioyeyuka. Huo lazima utolewe. Ndiyo maana inafaa mgonjwa aulize kabla ya kuruhusiwa: nimeshonwa kwa uzi gani?"

Mwanaamina alikunja uso. "Na ukiyeyuka unakwenda wapi?"

"Unakatika vipande vidogo sana, mwili unavitoa kama unavyotoa taka nyingine. Huchukua wiki kadhaa, hata miezi. Wewe Zuwena, weka mshono safi na mkavu. Ukivimba, ukitoa usaha au harufu, au ukipata homa, njoo siku hiyohiyo."

"Nitauangalia mwenyewe," Mwanaamina alisema. Hakuwa ameamini.

Kila asubuhi aliukagua mshono. Hakuona uvimbe wala usaha. Wiki ya sita ulikuwa umefunga vizuri, umebaki mstari mwembamba. Ile ncha ya uzi haikuwepo tena. Mwanaamina alipapasa mara mbili, akatikisa kichwa kwa mshangao.

Mwezi uliofuata binti wa jirani mwingine alijifungua kwa upasuaji. Mwanaamina alikwenda kumwona. Kabla hata hajampokea mtoto, aliuliza:

"Umeshonwa kwa uzi gani? Kama hujui, leo hii tukaulize."