Aproni ya Risasi

"Aproni hiyo siivai," alisema Manirambona. "Risasi tulizikimbia Burundi mwaka juzi. Leo nijifunge tumboni mwenyewe?"

"Basi nipishe, nimshike mimi," alisema mkewe, Kezia.

"Wewe hapana, Mama Nadine," alisema Nurudini, mpiga eksirei wa hospitali. "Umesema una mimba."

"Ni picha tu. Nasimama dakika moja."

Nadine, binti yao wa miaka minne, alikuwa analia juu ya meza. Asubuhi, huko Nyakitonto, alianguka kutoka juu ya magunia ya mihogo. Walimleta Kasulu kwa baiskeli. Mkono wake ulikuwa umevimba, na kila alipoachwa alishuka mezani.

"Hii si picha ya harusi," alisema Nurudini. "Inatumia mionzi. Huioni, lakini inapita mwilini. Mgonjwa anaihitaji kidogo. Asiye mgonjwa haihitaji, na wa kukingwa kwanza ni mtoto wa tumboni."

"Mbona wewe uko humu kila siku?" aliuliza Kezia.

"Mashine ikiwaka nasimama nyuma ya ukuta ule. Na beji hii kifuani inapima mionzi ninayopata. Ikizidi, naambiwa. Ndizo kanuni. Zinafuatwa Ulaya, na Kasulu tunazifuata."

"Kanuni za Ulaya," alisema Manirambona. "Sisi wakulima."

"Mkulima hana mifupa, Baba Nadine? Mashine tunayo moja. Tukiitumia ovyo, watu wataumia. Kisha wataiogopa, wabaki nyumbani na mikono iliyovunjika. Tukifuata kanuni, itawafaa hata wajukuu zako."

Nadine alishuka tena. Kezia akamrudisha mezani.

"Mkono unavimba, ninyi mnahutubu," alisema.

"Piga bila kumshika," alisema Manirambona.

"Akitikisika, picha itaharibika. Nitarudia, naye atapata mionzi mara mbili bure."

Manirambona aliitazama aproni. Aliigusa kwa kidole kimoja.

"Hizo risasi ziko wapi? Mmezishonea ndani?"

Nurudini alitaka kucheka. Aliuona uso wa yule baba, akaacha.

"Hamna hata moja. Risasi ni jina la madini. Ni mazito, mionzi inapenya kwa shida. Wenye vita wanayatengenezea vitu vya kuulia. Sisi humu tunajikingia."

"Ungesema hivyo tangu tulipoingia."

"Ni kweli. Nilidhani unajua."

Nadine alianza kuteremsha mguu mmoja. Manirambona akavua koti, akamrushia mkewe.

"Nifunge," alimwambia Nurudini.

Nurudini alimvika, akakaza kamba nyuma.

"Duh. Nzito kama gunia la mihogo mibichi."

"Mshike mabega, simama pembeni. Usisogeze mikono yako karibu na mkono unaouma."

Manirambona akamshika mwanawe. Nadine aliigusa ile aproni, akanyamaza.

Kezia hakungoja kuambiwa. Alitoka, akauvuta mlango mwenyewe mpaka ukabana.

Picha ilipigwa mara moja tu.